Koti ndilo gauni lako: jibu kwa binti anayehamia Minneapolis mwezi wa Januari

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tanga, Januari naondoka kwenda Minneapolis, Marekani, kusoma shahada ya uzamili. Baridi kali niliyowahi kuionja ni ya Lushoto mwezi wa saba. Napenda kuvaa, mama, na nguo zangu ni mabaibui, magauni ya kitenge na mitandio. Nikitazama picha za wenzetu walioko huko nawaona wamejifunga kama magodoro, humjui mnene wala mwembamba. Je, inawezekana nipate joto na bado nipendeze? Pesa yangu si nyingi. Na siku ya kutua nivae nini?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa masomo. Inawezekana kabisa, na wala huhitaji pesa nyingi kama unavyoogopa. Ila lazima uanze kujiandaa sasa hivi ukiwa bado Tanga, maana huko nyumbani una kitu ambacho huku ni ghali mno, nacho ni fundi cherehani anayekujua mwili.

Hao uliowaona kwenye picha, wengi wao wamevaa nguo sita na bado wanatetemeka. Wamerundika bila kuchagua kitambaa. Nashona na kurekebisha makoti katika mji huo unaouendea, na karibu kila msimu wa baridi huja mtu dukani akitaka nimpanulie koti ili masweta matatu yaenee ndani. Nikimvua hayo masweta nakuta yote ni pamba au nyuzi za plastiki nyepesi, na chini ya yote kuna fulana iliyolowa jasho. Huyo hahitaji koti pana. Anahitaji fulana nyingine.

Kwanza uijue baridi yenyewe. Lushoto mwezi wa saba unavaa sweta usiku, jua likipanda unalivua. Minneapolis, Januari, siku ya kawaida mchana ni nyuzi kama 5 chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi kama 13 au 14 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo ya kawaida. Kisha huja siku za ukali wake: tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Juu ya hapo ongeza upepo. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo unakwenda kilomita 30 kwa saa, ngozi yako iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Utabiri wao husomwa kwa Fahrenheit, kwa hiyo shika hili moja: sifuri yao ni 18 chini ya sifuri yetu. Ukisikia wanasema sifuri, usidhani ni pale maji yanapoanza kuganda, pamepitwa zamani.

Katika hali hiyo, tangu Novemba hadi Machi, watu watakaokuona barabarani, kituoni na kanisani au msikitini hawataona gauni lako. Wataona koti, viatu, na kilichofunika kichwa na shingo yako. Basi. Wanawake wengi wanaotoka kwetu hufanya kinyume: pesa yote inaishia kwenye magauni na masweta ya ndani, halafu koti wananunua la mwisho, lolote lililobaki, jeusi, kubwa kuliko mwili. Ndiyo hayo uliyoyaona kwenye picha. Mimi nakushauri ulichukulie koti kuwa ndilo gauni lako la miezi mitano, ulipe heshima hiyo: ulichague rangi, ulipime mwilini, ulipeleke kwa fundi.

Sasa kuhusu joto. Nguo haina joto lake yenyewe. Joto ni lako, na nguo inalizuia lisikimbie. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi, na kati ya nguo moja na nyingine. Ukibana nguo juu ya nguo mpaka mkono haukunji, hewa hiyo umeitoa, na joto limekwenda nayo. Upepo nao ukipenya unaifagia. Na nguo ikilowa, maji yanakaa mahali pa hewa. Ndiyo maana nguo tatu zinatosha: ya ngozini iondoe jasho, ya katikati ishike hewa, ya nje izuie upepo.

Ya ngozini ndiyo watu wanayoikosea zaidi. Pamba ni kitambaa chetu na tunaipenda, lakini ngozini mwa mtu anayetoka kwenye basi lenye joto na kuingia kwenye barafu, pamba inamponza. Inanyonya jasho na kulishika palepale, na ukitoka nje jasho hilo linapoa mgongoni mwako. Jinzi ni vilevile, pamba tupu, na ikishapata theluji magotini haikauki upesi. Tafuta fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani ya sufu ya kondoo aina ya merino. Nyuzi zake ni nyembamba sana kiasi kwamba haziwashi kama sweta la shule, na sufu huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi imelowa. Pea mbili zinakutosha, kwa kuwa sufu haishiki harufu ya jasho haraka. Chagua rangi nyeusi au inayokaribiana na ngozi yako, na shingo iliyochimbwa kidogo isichungulie kwenye gauni. Bei ikikushinda, nguo za ndani za poliesta za wanamichezo zinafaa pia, ila utazifua kila siku. Na za sufu zifue kwa mkono, maji ya vuguvugu, uzianike kwa kuzilaza. Kwenye majengo ya wanafunzi utakuta mashine za kukaushia; ukiitia sufu humo itatoka imesinyaa, utamgawia mtoto.

Turudi kwenye koti, maana ndiko nataka ukae zaidi.

Kuna makoti ya aina mbili yenye maana kwa mji ule. Lipo koti la sufu nzito, refu, lenye kola, ambalo ndilo zuri kuliko yote kwa macho, na linafaa vizuri mpaka nyuzi kama 10 chini ya sifuri ukiwa umevaa sawasawa ndani. Lipo koti lililojazwa manyoya laini ya kifuani mwa bata au bata bukini, ambalo ndilo la siku za ukali. Ukiweza, upate yote mawili kwa muda. Kama pesa ni ya koti moja tu, nakwambia bila kusita: la manyoya, na liwe refu kupita magoti. Utasimama kituoni ukingoja treni au basi, na kusimama ndiko kunakoleta baridi. Mtu anayetembea anajipasha.

Koti la manyoya ndilo linaloleta sura ya godoro, kwa hiyo tazama mishono yake. Yale yenye mafungu mapana yaliyolala, kila fungu limevimba peke yake, yanaongeza upana kwa kila mtu, hata mwembamba. Tafuta lenye mafungu membamba, au mishono iliyokwenda mshazari, au lile ambalo kitambaa cha nje ni laini bila mishono kabisa na manyoya yamefungiwa ndani. Kiuno kitengenezwe kwa mkato na mshono, usitegemee mkanda, maana mkanda ukikaza unayabana manyoya na palepale kiunoni baridi inaingia. Liwe na zipu inayofunguka toka juu na toka chini. Ukikaa kwenye kiti cha basi unafungua ya chini kidogo, koti linatulia badala ya kukupanda shingoni. Ndani ya mwisho wa mkono wa koti pawe na kitambaa cha kufuma kinachoshika kifundo cha mkono. Kwenye lebo utaona namba kama 550, 650 au 800. Inaeleza jinsi manyoya yanavyoumuka: ikiwa kubwa, unapata joto lilelile kwa uzito mdogo. Kwa maisha ya mjini 550 au 650 inatosha, usilipie 800 ya wapanda milima. Ila manyoya yakilowa hunywea na kupoteza joto, kwa hiyo kitambaa cha nje kiwe kinachokataa maji.

Koti la sufu ndilo ninalotaka ulitafute ukiwa huko huko nyumbani. Makoti mazuri ya sufu yanashuka na mitumba toka Ulaya, na kwetu hayagombaniwi, nani atalivaa Tanga? Nenda Karume ukipita Dar es Salaam, au Memorial pale Moshi, ambako watu wa mlimani wanayajua. Jihimu siku wanapofungua belo. Ukilipata, usiangalie rangi kwanza, soma lebo: sufu iwe asilimia 70 au zaidi. Kama lebo imekatwa, omba uchomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti kando ya nguo. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kisha liinue koti juani ulitazame kwa ndani ya kitambaa: matundu madogo ya nondo yataonekana kama nukta za mwanga. Tundu moja kwenye pindo fundi ataliziba, matundu kumi kifuani liache. Tazama kwapani, tazama ukingo wa kola, tazama vifungo.

Bitana ikiwa imechanika, furahi. Ndipo hapo kitenge chako kinapoingia.

Mpelekee fundi koti hilo, mwambie atoe bitana ya zamani bila kuikata, aitumie kama kielelezo. Kiwiliwili akiwekee bitana ya kitenge unachokipenda, lakini mikononi aweke satini. Kitenge ni pamba, na pamba ikikutana na sweta la sufu inakwama. Utakuwa unahangaika kila unapoingiza mkono. Kati ya koti na bitana, kuanzia mabegani mpaka kiunoni tu, aongeze kitambaa laini cha fulaneli au sufu nyembamba. Asikishushe chini ya kiuno, koti litapoteza mwanguko wake na kukuvimbisha nyonga. Katikati ya mgongo aache kikunjo cha sentimita 2 kwenye bitana, ili ukinyosha mkono kushika kishikio cha treni bitana isipasuke. Ukilivua koti hilo darasani na kulitundika kitini, mgongo wa kiti wote unakuwa kitenge. Nimewaona wanawake wa Kizungu wakisimama kuuliza limenunuliwa duka gani.

Na sharti moja la vipimo: fundi akupime ukiwa umevaa sweta, kwa koti na kwa kila gauni atakalokushonea kwa safari hii. Mafundi wetu wanapima mtu aliyevaa dera jepesi, halafu gauni linafika Minneapolis na halipokei hata fulana ya ndani. Mwambie aongeze sentimita 4 mpaka 5 kifuani na nyongani, na mikono ishuke mpaka kwenye mzizi wa kidole gumba. Kwapa zisichimbwe chini sana. Watu hudhani kwapa pana ndiyo raha, kumbe kwapa ikishuka, kila ukiinua mkono koti zima linapanda na upepo unaingia tumboni. Kwapa ya juu inaacha mkono uende peke yake.

Rangi. Sikukatazi nyeusi, ila huna sababu ya kuikimbilia. Mwezi wa Desemba na Januari jua la Minneapolis linazama kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na kidogo jioni, na dereva hamwoni upesi mtu mwenye koti jeusi anayevuka barabara. Nyeusi pia inaonyesha kila doa jeupe la chumvi wanayoimwaga barabarani. Ngozi zetu zinapendeza sana kwenye rangi ya damu ya mzee, bluu ya bahari, kijani kilichokolea, na ile kahawia ya ngamia. Chagua moja iwe ya koti, kisha mitandio na skafu zote uzipange kuifuata hiyo. Mtu mwenye koti moja la damu ya mzee na skafu tatu zilizochaguliwa anaonekana ana nguo nyingi kuliko mwenye makoti manne yasiyosemezana.

Sasa mabaibui yako. Usiyaache, ila lazima yarekebishwe pindo. Baibui la kwetu linagusa kisigino, na hilo kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka ni balaa: pindo linanyonya maji ya chumvi, linapanda mpaka kwenye shavu la mguu, ukisimama nje linaganda na kuwa gumu kama ubao. Mwambie fundi alipandishe mpaka lining'inie vidole vinne kutoka chini, na buti ndizo zikusitiri. Kama hutaki kulipandisha, ashone kwa ndani ya pindo utepe wa nailoni wa upana wa shubiri moja, ambao maji hayapandi. Mimi napendelea kupandisha.

Urefu wa koti juu ya baibui una kanuni yake. Koti linaloishia katikati ya paja juu ya baibui linakugawa vipande viwili na kukufupisha. Lipite magoti, na chini yake baibui lionekane shubiri moja hivi. Kwa gauni la kitenge lenye marinda, koti lifunike mpaka katikati ya shavu la mguu, kwa kuwa marinda yakibanwa na koti fupi yanatoka kwa chini yakiwa yametawanyika ovyo.

Chini ya baibui hakuna anayekuona, kwa hiyo jisikie huru: taiti za sufu, na siku za ukali suruali nyingine juu yake. Kitakachokusumbua ni hewa kavu ya ndani ya nyumba. Mabaibui mengi ni poliesta, na poliesta juu ya taiti katika hewa kavu inanata miguuni na kutoa cheche. Paka mafuta miguuni kabla ya kuvaa, na kama bado inanata, weka pini ya chuma kwa ndani ya pindo. Ukipata nafasi ya kushona jipya, liwekewe bitana ya viskosi, kitambaa laini kinachotokana na miti, na tatizo limekwisha.

Kitenge nacho kivae kama nguo ya katikati. Nimesema pamba isiguse ngozi, sikusema usiivae. Gauni la kitenge lenye bitana, ndani fulana ya sufu yenye shingo ndefu ya rangi moja iliyomo ndani ya kitenge chenyewe, juu sweta fupi linaloishia kiunoni: hayo ni mavazi ya ofisini, ya chuoni na ya harusi, na ukivua koti uko tayari. Kumbuka majengo yote yamepashwa joto, nyuzi 20 au 22, na wewe utakaa ndani saa nyingi kuliko nje. Katikati ya mji kuna njia za juu zilizofunikwa kwa vioo, zinazounganisha jengo na jengo. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1962 na sasa mtandao wake ni kama kilomita 15. Kama chuo chako ni kile kikuu cha jimbo, kina njia zake za chini ya ardhi, zinaitwa Gopher Way. Kwa hiyo unene wote uwe kwenye koti, unalolivua. Ukiuweka kwenye nguo za ndani utatokwa jasho darasani na kutoka nje umelowa.

Kichwani wewe umeshawatangulia wenzako. Mtandio unafunika masikio na shingo, sehemu ambazo wengine wananunulia vifaa. Kuna maneno yanayosemwa kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli, kichwa kinapoteza kwa kadiri ya ukubwa wake tu. Lakini masikio ni membamba na yanaganda upesi, kwa hiyo yasiachwe. Panga hivi: ndani kofia ya satini, kwa sababu sufu inakatakata nywele na kufumua misuko, kisha mtandio wa kitambaa cha kuvutika, siyo shifoni, shifoni upepo unapita kama haupo, kisha nje, shali. Na hapa nakuomba uingie chumbani kwa bibi yako. Nyumba nyingi za pwani zina shali ya Kashmiri kwenye sanduku, iliyokuja na ndugu wa Muscat, sufu laini iliyotariziwa, aina ile wanaume wa Oman wanayofungia vilemba. Bibi anaivaa siku ya harusi tu. Muombe kwa adabu. Hiyo shali ikizungushwa mara mbili juu ya kola ya koti la sufu, ina joto kushinda skafu nyingi za madukani, na hakuna mtu mjini atakayekuwa na kama yako. Siku ya upepo mkali unaipandisha mpaka puani.

Hereni kubwa za chuma zivalie ndani. Chuma kinapoa haraka na kinachukua joto la sikio. Kipini cha pua kikianza kukuchoma kwa baridi, shali juu.

Miguuni sasa. Hapa usibane pesa, na hapa usinunue mtumba kama soli imechoka. Buti ziwe hazipitishi maji, soli nene ya mpira yenye meno, na zizidi namba yako kwa moja, ili soksi nene ya sufu ienee na vidole viweze kucheza. Kiatu kinachobana kinakatisha mzunguko wa damu, na hata ukivaa soksi tatu mguu utakufa ganzi. Soksi moja ya sufu katika kiatu chenye nafasi inatosha. Zipo buti za ngozi zenye umbo jembamba na kisigino kipana cha chini ambazo zinaendana vizuri na gauni. Viatu vyako vya kupendeza vibebe kwenye mkoba, ubadilishe ukifika. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo, hakuna atakayekushangaa. Chumvi ikiacha mistari myeupe kwenye ngozi, changanya siki kidogo na maji, pangusa siku hiyohiyo kabla haijaila ngozi. Buti zilizolowa zijaze magazeti na uziache zikauke zenyewe mbali na kipasha joto, ngozi isije ikapasuka.

Glavu: zile zinazokaa vidole vyote pamoja na gumba peke yake zina joto kuliko zenye vidole mbalimbali. Kuwa na nyembamba za sufu za kila siku, na hizo kubwa za kuvaa juu yake siku za ukali.

Jambo moja linahusu usalama, nalo linatuhusu sisi hasa. Ngozi inapoanza kuganda, vitabu vinasema inapauka. Kwa ngozi nyeusi huo weupe hauonekani vizuri mwanzoni, kwa hiyo usingoje kuona. Sikiliza. Kidole, sikio au pua ikichoma na kisha ghafla isiume tena, ingia ndani mara moja uipashe polepole kwa maji ya vuguvugu au kwapa. Usiisugue, na usiipake theluji hata nani akuambie.

Pesa yako utaipanga hivi: koti la sufu la mtumba na kazi ya fundi, vifanye nyumbani. Nguo za ndani za sufu, buti na koti la manyoya, vinunue Minneapolis. Januari ndipo maduka yanapoanza kupunguza bei za nguo za baridi, na jimbo la Minnesota halitozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kawaida na viatu, bei unayoiona ndiyo unayolipa. Maduka yao ya mitumba nayo yana makoti ya manyoya yaliyovaliwa msimu mmoja tu. Kwa mabaibui na mitandio mizito nenda Karmel Mall, soko la Wasomali, utahisi umerudi Uswahilini. Usibebe masweta ya pamba toka nyumbani kwa kudhani ni akiba. Uzito huo wa begi weka vitenge na udi. Koti la sufu likifukizwa udi linashika harufu kwa siku nyingi, kwa kuwa sufu haiachii manukato upesi. Ila uchome kidogo, karibu na dirisha, maana nyumba za huko zina king'ora cha moshi darini na jengo zima litatoka nje kwenye baridi.

Siku ya kutua. Hili la mwisho ulilouliza ndilo la kwanza kukukuta. Koti, shali, glavu na soksi za sufu zisiingie kwenye begi unalolikabidhi. Begi likichelewa wewe utatoka uwanjani na mtandio wa shifoni. Vaa toka nyumbani suruali pana au gauni la kitenge lenye bitana, viatu vya kufunika. Taiti nene na fulana ya ndani vaa kwenye choo cha uwanja wa ndege wa mwisho unaobadilishia ndege, usianze nazo Dar es Salaam ukaloa jasho. Kama hujapata buti, vaa raba za ngozi zenye nafasi ya soksi ya sufu, zitakuvusha siku mbili mpaka uende dukani. Treni ya Blue Line inapita palepale uwanjani, na kwenye vituo vya nje kuna vipasha joto vya kubonyeza kitufe ukutani, vibonyeze. Kabla hujapita ule mlango wa kioo wa mwisho, simama, funga koti mpaka juu, ingiza shali ndani ya kola, vaa glavu. Ukisubiri kufunga ukiwa nje, vidole vitakataa. Na mwambie anayekuja kukupokea akuletee buti, umtumie namba ya mguu sasa hivi, ukiongeza moja.